Mwandishi Mmoja, Kitanda Kimoja

Barua za mialiko ya matamasha ya fasihi zinafanana kama sare za shule. Kwanza unasifiwa. Kisha unaambiwa ukumbi uko wapi, utazungumza na nani, kitabu chako kitauzwa meza ipi. Halafu chini kabisa, karibu na sahihi ya mratibu, kuna mstari ambao hakuna anayeujadili: waandaaji watagharamia nauli ya kwenda na kurudi, chakula, na chumba cha mtu mmoja kwa siku nne.

Nataka tuujadili mstari huo. Wapenzi wa vitabu tunagombana kila wiki kuhusu nani kashinda tuzo, nani katafsiriwa, nani kakitupa Kiswahili kakimbilia Kiingereza, na jopo gani la majaji lina watu wake mfukoni. Sawa, tugombane, ni afya. Lakini kabla jopo halijakaa kuna mchujo mwingine umeshapita kimyakimya, na aliyeufanya ni mtu wa kuweka oda ya vyumba. Chumba cha mtu mmoja maana yake ni mwandishi asiye na mtoto mdogo, au mwandishi mwenye mtoto mdogo na mtu wa kumwachia. Huyo wa pili mnamjua. Mara nyingi ni baba.

Mwaka jana nilialikwa kwenye tamasha katika mji mmoja wa Ujerumani. Sitautaja, kwa sababu waandaaji wake si watu wabaya na wala hawako peke yao. Binti yangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi kumi, bado ananyonya. Nikawaandikia barua pepe fupi: nakuja naye, siombi nauli yake, naomba tu chumba kitakachotutosha wawili. Kwa umri ule mtoto husafiri mapajani mwa mzazi kwa sehemu ndogo tu ya nauli, kwa hiyo ndege haikuwa shida. Jibu likaja baada ya siku tisa, la adabu kabisa. Hoteli waliyoingia nayo mkataba haipokei watoto wa chini ya miaka 12. Je, sina ndugu anayeweza kunisaidia kwa siku hizo chache?

Hapo bado ubalozi. Viza ya Schengen inataka uthibitisho wa mahali utakapolala, na mbele ya viza mtoto ni msafiri kamili: ana pasipoti yake, fomu yake, bima yake ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, na barua ya ridhaa ya baba yake. Ada, tuseme ukweli, hawamtozi. Mtu mzima analipa yuro 90, mtoto wa chini ya miaka sita anapita bure. Sasa mwaliko wangu ulikuwa na jina moja, na oda ya hoteli ilikuwa na jina moja. Mtu wa dirishani akaniuliza swali la haki kabisa: na huyu atalala wapi?

Ulaya imemsamehe ada, kitanda ikamnyima.

Basi nikaingia mtandaoni kutafuta mwenyewe, kwa hela yangu. Mtu asiyewahi kutafuta chumba cha kulala na mtoto wa umri ule anadhani ni suala la bei. Bei ni mlangoni tu, ndani kuna mengine. Unaanza kutazama picha kwa macho ya ajabu. Hutazami tena mandhari. Unatazama ngazi: zina kizuizi au ni zile mbao zinazoelea ukutani kama meno yaliyong'oka? Unatazama dirisha linafunguka wapi na kitasa kiko kimo gani. Unatafuta friji ya kuhifadhia uji, jagi la umeme la kuchemshia maji, na soketi isiyo usawa wa kidole chake. Ghorofa ya nne bila lifti, na wewe una mtoto, begi na kigari chake: utapanda mara ngapi, na wakati unapanda mara ya pili, mtoto umemwacha na nani? Bafu lina beseni au ni kile kiboksi cha kioo ambacho mtoto akimwagiwa maji ya kutoka juu analia mtaa mzima usikie? Duka la karibu liko umbali gani, na Jumapili linafungwa? Ujerumani maduka hufungwa Jumapili. Kama pempasi zimeisha Jumamosi usiku, utajua mwenyewe.

Na nyumba zenyewe zimepambwa kana kwamba hakuna binadamu aliyewahi kumwaga uji duniani. Makochi meupe. Meza za kioo zenye kona kama panga. Mitandao mikubwa ya kukodi nyumba inampa mwenye nyumba nafasi ya kuweka alama kwamba pale pake hapafai kwa watoto wachanga, na mara nyingine ana sababu ya kweli: kuna roshani mbovu, kuna mfereji wa maji nje. Huyo namshukuru. Lakini nilipoanza kuwaandikia wale ambao nyumba zao hazikuwa na hatari yoyote inayoonekana, majibu yalikuwa mengine. Jirani wa chini ni mzee. Kapeti ni jipya. Mmoja, kijana mwenye jina la kisanii na gitaa kwenye picha, alinijibu kwamba chumba ni cha mtu mmoja na mtoto ni mtu. Nikakubaliana naye kwamba mtoto ni mtu. Waandaaji wa tamasha walikuwa bado hawajafika hapo.

Kuna jambo jingine wasilolielewa, nalo ni la kwetu. Sikuhitaji kitanda cha mtoto. Sisi tunalala na watoto wetu. Nina khanga mbili safarini, moja ya kumbebea mgongoni na moja ya kutandika, na kitanda cha upana wa kawaida kinatutosha kabisa. Nilipolieleza hilo kwa hoteli moja ya bei nafuu, nikaambiwa utaratibu wao unataka kila mgeni awe na kitanda chake, na kitanda cha mtoto hawana, kwa hiyo mtoto hawezi kuwa mgeni. Ukiisoma polepole hiyo hoja unaweza kuipenda. Ni kama shairi la mtu wa mapokezi.

Hatimaye nilipata chumba kwa mama mmoja mtu mzima mwenye asili ya Uturuki, mwisho wa reli ya tramu, dakika arobaini kutoka ukumbini. Yeye aliniuliza swali moja tu: mtoto anakula mayai? Nililipa pale zaidi ya posho niliyopewa kwa kuzungumza jukwaani. Lakini siandiki haya kulalamikia hela. Nalalamikia jioni. Mchana nilikuwepo, nilisoma, nilipigiwa makofi, binti yangu akiwa nyuma ya ukumbi na mwanafunzi mmoja aliyejitolea. Saa kumi na mbili jioni nilikuwa kwenye tramu. Na yeyote aliyewahi kwenda kwenye matamasha haya anajua kwamba jukwaa ni mapambo. Kazi inafanyika baadaye, kwenye ukumbi wa chini wa ile hoteli, watu wakiwa na glasi mkononi, mfasiri akikaa karibu na mchapishaji, mhariri akimuuliza mtu kwa nini hajaandika riwaya bado. Mkataba wa tafsiri hausainiwi jukwaani. Unaanzia pale kwenye makochi saa nne usiku, hotelini ambako mwanangu amepigwa marufuku.

Nilipoisimulia habari hii kwenye kundi letu la WhatsApp la wasomaji, jibu la kwanza lilitoka kwa mwanamume ninayemheshimu, mhakiki mzuri, mtu wa vitabu hasa: "Dada, si ungemwacha tu kwa bibi yake?" Na akapata vidole gumba vingi, vingine vya wanawake.

Tuchukulie kwa uzito. Bibi yake ana miaka 58, ana duka, ana sukari, na amelea sita. Anampenda mjukuu wake, lakini upendo si likizo. Kama si bibi, basi ni dada wa kazi. Na dada wa kazi wangu, kama dada wa kazi wako wewe unayesoma hapa, ana mtoto wake mwenyewe aliyemwacha kijijini kwa mama yake ili aje kulala na wangu. Kila mwandishi anayepanda ndege akiwa "huru" ana foleni ya wanawake nyuma yake wanaokabidhiana watoto, na wa mwisho kwenye foleni hiyo hana wa kumkabidhi. Kwa hiyo ukisema "mwache nyumbani" sema sentensi yote. Umwache na nani, kwa mshahara gani, na mtoto wa huyo naye ameachwa wapi. Wahakiki wanaoweza kunipa kurasa ishirini kuhusu unyonyaji katika riwaya wanakuwa na haraka sana wanapofika hapo.

Nadhani tatizo lina mizizi kwenye vitabu vyenyewe, ndiyo maana nimelileta kwa wasomaji badala ya kulipeleka kwa mawakala wa usafiri. Picha yetu ya msafiri anayeandika ni ya mwanamume peke yake. Tuliisoma tangu kidato cha kwanza: Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji. Tunajua hata alipokelewaje Mogadishu kabla hajafika Kilwa, ambako kila mfanyabiashara aliyeshuka melini alikuwa na mwenyeji wake wa kumlaza. Tunachopitisha haraka ni watoto wake. Alipoondoka Damascus mwaka 1326 alimwacha mke mjamzito. Aliporudi mwaka 1348, akauliza habari za mwanawe, akaambiwa alifariki miaka kumi na miwili iliyopita. Binti aliyezaliwa njiani alimfikisha hadi Delhi, akafariki hajamaliza mwaka. Na Maldivi nako aliacha mke ana mimba. Simhukumu mtu wa karne ya 14 kwa kanuni za leo. Nasema tu kwamba wasafiri wetu wakubwa walisafiri kwa wepesi kwa sababu mzigo ulibaki kwa mtu mwingine, na sisi tukauita wepesi huo kipaji.

Halafu kuna Virginia Woolf. Mwaka 1929 alidai mwanamke anayetaka kuandika apate chumba chake chenye kufuli na pauni 500 kwa mwaka. Ni hoja kubwa na ninaiheshimu. Nimeifundishwa, nimeinukuu, nimeitumia kumfukuza mtu chumbani kwangu. Ila Woolf hakuwa na mtoto, na hoja yake ilipofika kwa waandaaji wa matamasha na wale wanaotoa nafasi za miezi mitatu ya kukaa na kuandika mahali patulivu, iligeuka kuwa sheria ya malazi. Chumba cha peke yako kimekuwa chumba ambacho lazima uwe peke yako. Yeye alidai kufuli liwe upande wa ndani. Hawa wamelihamishia nje.

Kitabu ninachotaka wasome wao, na tukisome upya sisi, ni *Second-Class Citizen* cha Buchi Emecheta, kilichotoka mwaka 1974. Mara nyingi kinatajwa kama riwaya ya uhamiaji na ndoa mbaya. Ni sawa. Lakini kikunjue tena ukiwa na mtoto mapajani utaona kwamba, kurasa nyingi sana, ni riwaya ya kutafuta chumba. Adah anawasili Uingereza kwa meli na watoto wawili. Mumewe, Francis, amepata chumba kimoja katika nyumba ya wapangaji Wanigeria wenzao. Kosa la Adah pale, linalomfanya achukiwe na nyumba nzima, ni kwamba amewaleta watoto na anakataa kuwapeleka kwa walezi wa Kizungu wa kulipwa, kama wenzake wanavyofanya ili wasome na kufanya kazi kwa raha. Hata mume anamwambia awapeleke. Anakataa. Wanapewa notisi.

Kisha anaanza kutembea akisoma matangazo madirishani, na matangazo yanasema watu weusi hawatakiwi. Siku moja anapiga simu kwa mwenye nyumba akijibana pua ili sauti yake isisikike ya Mwafrika. Inakubalika. Wanakwenda usiku, akiomba giza liwasaidie. Mlango unafunguliwa, mwenye nyumba anawaona, na chumba ghafla kimeshachukuliwa. Tukio lile linafundishwa vyuoni kama tukio la rangi, na ni la rangi. Lakini angalia kwa nini yuko barabarani usiku ule. Amefukuzwa na weusi kwa sababu ya watoto, na anakataliwa na weupe kwa sababu ya ngozi, na kila upande unamwambia kwamba lawama ni yake kwa kukataa kujipunguza. Uingereza baadaye iliushughulikia upande mmoja. Sheria ya mahusiano ya rangi ya mwaka 1968 ilipiga marufuku ubaguzi wa rangi katika nyumba, na matangazo yale yakaondoka madirishani. Upande wa pili uko pale pale. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inamlinda mteja asibaguliwe kwa umri wake, lakini ulinzi huo unaanzia miaka 18. Yaani mzee wa miaka themanini hawezi kukataliwa chumba kwa sababu ya uzee wake. Mtoto wa miaka miwili anaweza, na mama yake akabaki pale barabarani na sheria ikiwa imeridhika.

Jambo la mwisho kuhusu Emecheta, halafu nitamwacha. Kitabu kile amekitabaruku kwa watoto wake watano, na anachowashukuru ni kelele zao. Anasema bila kelele hizo tamu kitabu kisingeandikwa. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nikiwa chuo nilidhani ni utani wa mama aliyechoka. Sasa nalisoma kama msimamo wa kifasihi, na wanaotuambia kwamba kazi nzito inazaliwa kwenye ukimya wamtafutie jibu.

Kwetu pia kuna mama kama huyo, na tumemtendea vibaya zaidi kwa sababu tumempenda sana. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, alitoroka Unguja mwaka 1866 akiwa mjamzito, akashushwa Aden, akapokewa na mtu na mkewe, Wahispania aliowafahamu tangu Unguja. Alijifungulia pale. Mtoto yule hakufika Ujerumani. Alifariki njiani, wakiwa Ufaransa. Hamburg alizaa wengine watatu, akiitwa sasa Emily Ruete, na mwaka 1870 mumewe akauawa na tramu, mtoto wa mwisho akiwa wa miezi tu. Baada ya hapo, mjane wa Kizanzibari mwenye watoto watatu alihama mji hadi mji: Dresden, Rudolstadt, Berlin. Vyumba vya kupanga. Hesabu za kuni na kodi kwa lugha aliyojifunzia ukubwani.

Kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886 alianza kuziandika kwa ajili ya watoto wake. Na tunachokikumbuka sote ni kasri la Mtoni, masuria, farasi, vyakula, mapenzi yaliyovuka bahari. Kitabu chenyewe kinaipa Ujerumani nafasi ndogo. Ile miaka migumu ameielezea zaidi katika barua ambazo hazikuchapwa uhai wake. Tumepiga picha za magofu, tumeuza ziara za watalii, tumeandika tamthilia vichwani mwetu kuhusu binti mfalme na Mjerumani wake. Sijawahi kukutana na Mswahili aliyeniuliza: alipofiwa Hamburg na watoto watatu, nani alimpangisha? Ndilo swali ninalotamani riwaya ya Kiswahili iliulize. Kasri limeshaandikwa vya kutosha.

Najua kuna msomaji hapa amekunja uso. Watu wanalipa hela zao kupumzika, atasema, na wana haki ya kulala. Nakubali. Hoteli ya kibinafsi inayouza ukimya kwa wanandoa wapya, na iuze, siendi. Ila hata hapo tuwe waangalifu na neno haki. Korea Kusini, ambako migahawa mingi imeweka matangazo ya kuzuia watoto, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilisema mwaka 2017 kwamba mgahawa mmoja wa kisiwa cha Jeju ulifanya ubaguzi kwa kuwazuia. Haikuwa amri ya mahakama, na mabango bado yapo, lakini angalau chombo cha umma kilitamka. Mtoto msumbufu mmoja hawi sababu ya kuwafungia wote, kama ambavyo mlevi mmoja hajawahi kuwa sababu ya kuwafungia wanaume wote.

Na kuhusu kelele, jamani. Ile hoteli isiyopokea watoto, wenzangu waliolala pale walinisimulia kwamba usiku wa pili washairi wawili walikuwa wanaimba koridoni hadi saa tisa, na mmoja alivunja taa. Hakuna aliyeulizwa kama ana ndugu wa kumwachia huyo mshairi kwa siku chache.

Kwa hiyo hoja yangu haiko kwenye hoteli. Iko kwa matamasha na taasisi za fasihi zinazoendeshwa kwa hela za umma na misaada, zinazoandika kwenye tovuti zao kwamba zinatafuta sauti za wanawake wa Afrika, kisha zinaziweka sauti hizo kwenye hoteli yenye kikomo cha miaka 12. Huwezi kutafuta sauti ya mama na kumkataza koo lake.

Na tusijifanye ni tatizo la Wazungu. Gesti zetu zina aibu zake. Nenda na mtoto bila mwanamume uone utakavyotazamwa mapokezi. Daftari litakuuliza jina, kabila, unakotoka na unakokwenda, na mhudumu ataongeza swali lisilo kwenye daftari: baba yake yuko wapi? Lakini akishamaliza udaku wake atakuletea godoro la ziada au mkeka bila kukuandikia barua pepe, na asubuhi atakuwa amembeba mtoto wako anampeleka kuona kuku. Utu huo tunao bure. Cha ajabu ni kwamba tukiandaa matamasha yetu wenyewe, Dar, Nairobi, Kampala, tunauacha nyumbani na kunakili ile barua ya Wazungu neno kwa neno, na mstari wake wa chumba cha mtu mmoja. Nimeipokea barua hiyo kwa Kiswahili fasaha. Nimemjua hata aliyeitafsiri.

Waandaaji mnaosoma hapa, na najua mpo, tuanze na nyinyi. Futeni mstari ule. Andikeni: tujulishe utakayesafiri naye. Jina la mtoto liwemo kwenye mwaliko, ili mama asisimame dirishani ubalozini akijieleza kama mwizi. Chumba cha vitanda viwili hakiwezi kuwazidi gharama ya lile bango la plastiki lenye nembo za wafadhili. Kabla ya kusaini na hoteli ulizeni swali moja, inapokea watoto au haipokei, na kama haipokei nendeni ya jirani. Mtafuteni mtu wa kulipwa, nasema kulipwa, akae na watoto saa za mijadala na ile jioni ya makochini, baba naye alete wake tuone. Ghorofa ya chini ikiwezekana. Friji.

Na beseni. Msisahau beseni.